Ndimu Niliyomfyonzea Mwanajeshi

Wivu ukikupata, hata akili uliyozaliwa nayo inakukimbia. Mimi ni mpiga tarumbeta wa kwaya yetu ya Rungwe Mpya, na msifiaji wangu mkuu ni mke wangu, Mama Eliya. Bendi ya jeshi ilipokuja Kasulu kwenye sherehe, nikamwona anaongea na mpiga tarumbeta wao, kijana mrefu mwenye glavu nyeupe. Wakacheka. Kisha mke wangu akaninyooshea kidole. Nikajua nimekuwa kichekesho.

Sisi wapulizaji tuna siri, ambayo nilishamwambia mke wangu tu: ukimwona mtu anafyonza ndimu, mate yanakujaa na tarumbeta inagoma. Nikanunua ndimu mbili, nikasimama mbele kabisa, nikafyonza huku nimemkazia macho yule kijana. Hakunitazama hata mara moja. Macho yake yalikuwa kwa kiongozi wao. Nikamaliza ya kwanza, nikaingia ya pili.

Wimbo ulipoisha, yule kijana akashika kipaza sauti. "Kuna mama ametuomba mumewe apige nasi wimbo mmoja. Mzee wa Rungwe Mpya, karibu!"

Uwanja mzima ukapiga makofi. Nikapokea tarumbeta, nikapuliza. Ikatoa sauti ya uji unaochemka. Nikapuliza tena, mate yakachuruzika hadi kwenye shati.

Mama Eliya akaja mbio kunifuta kwa kitenge. Akaona maganda mkononi mwangu, akasimama.

"Baba Eliya," akasema, na kipaza sauti hakijazimwa, "hizo ndimu ulikuwa unamfyonzea nani?"