Jina Kwenye Sanduku la Bluu

Harufu ya rangi ya mafuta iliyochanganywa na mafuta taa hunirudisha Matisi, mtaa wa Kitale, kwenye uga wetu, wiki niliyokuwa nikijiandaa kwenda kuanza kidato cha kwanza Bungoma. Baba alikuwa mchoraji wa mabango. Kinyozi, kinu cha posho, hata kanisa letu, vyote vilibeba mkono wake, na mkono huo ulijua herufi za aina moja tu: nene, zilizosimama wima, zisizo na mikia wala mapambo. Alipiga mistari kwa chaki, akapaka, kisha akarudi nyuma hatua ishirini hadi ua wa jirani ili ajaribu kusoma. Akishindwa, alifuta na kuanza upya. "Mama," aliniambia, kwani nilirithi jina la mamake, "mtu akiwa juu ya lori lazima asome. Madoido mingi ni ya kuringa tu." Jina langu, NEKESA, likajaza kifuniko chote cha sanduku langu la chuma la shule, jeupe juu ya bluu. Nililipenda kwa siku nne.

Bwenini, majina ya wenzangu yalikuwa madogo, ya kulala upande, yamezungushiwa maua. Msichana wa kitanda cha pili aliniuliza, "Ati umekuja na duka?" Walicheka, nami nikacheka nao, masikio yakiwaka moto. Jumamosi iliyofuata nilichukua waya wa kusugulia sufuria nikalikwangua jina lote, nikaliandika upya kwa kalamu, dogo, lenye mikia. Shule ilipofungwa, masanduku yalipangwa uwanjani. Baba akaja kunichukua. Alilipita langu mara mbili akitafuta, nami nikamwacha atafute, nisije nikaonekana naye. "Mama, sanduku yako wameiba?" Nikamwonyesha, nikadanganya kwamba lilikwaruzwa likipakuliwa kwenye gari. Alipitisha kidole pale. "Rangi yangu haitokangi hivyo," alisema taratibu. Kisha akalibeba begani hadi stendi. Nimekuwa mtu mzima na aibu ile haijanitoka.

Siku hizi mabango ya Kitale huchapishwa kwa kompyuta, na kila duka lina maua yake. Baba alipofariki, mimi ndiye niliyechagua maandishi ya msalaba wake. Kijana wa kuchapisha alinionyesha aina nyingi za herufi, nikachukua nyembamba, zenye mikia, nikidhani ndizo za heshima. Sikujifunza kitu. Desemba iliyopita tulienda Naitiri, alikozikwa karibu na ndugu zake wawili. Shangazi, dada yake, alisimama mbele ya misalaba mitatu akifinya macho, akaenda upande huu, akarudi upande ule. "Nekesa, si unionyeshe," akasema, "ya baba yako ni gani?" Nilimshika mkono nikampeleka. Kisha nilirudi nyuma hatua ishirini, nikizihesabu, nikasimama kwenye ua na kutazama. Jina la baba halikusomeka.