Nilimwekea marehemu mdomo wangu

Admin, naomba jina langu lisitoke, maana mtaani kwetu Birere wananijua wengi. Mimi ni kijana wa miaka ishirini na saba, bado sijaoa, natengeneza picha za zamani kwenye studio ya bosi wangu hapa Goma. Mtu akiniletea picha iliyoskaniwa, naibadilisha iwe faili inayoweza kuhaririwa, uso ukae peke yake, shati peke yake, kisha nasafisha. Wenzangu wananiita dokta wa picha. Nami jina hilo lilinilevya kweli.

Mwezi uliopita alikuja mama mmoja mjane kutoka Rutshuru. Picha yenyewe ya mumewe ilibaki nyumbani walipokimbia vita. Kilichobaki ni skani tu, kwenye simu ya binti yake. Aliitaka kubwa, ya kuweka mbele ya watu siku ya kuondoa kilio, yaani kufunga msiba ambao vita viliuchelewesha kwa miaka, kwa sababu mtoto wake wa mwisho hakumjua baba yake. Nilipokuwa nafungua faili alinisimulia jinsi marehemu alivyokuwa anacheka upande mmoja, kama mtu anayeficha pipi shavuni. Nilimwitikia bila kusikiliza.

Mkunjo wa karatasi ulikuwa umepita juu ya mdomo na kuufuta wote, pakawa peupe. Hapo mtu mwaminifu angemwita mama na kumwambia ukweli. Mimi nikaona dokta hashindwi. Nilijipiga picha, nikakata mdomo wangu, nikaupaka rangi ya kizamani na kuubandika pale. Ulikaa vizuri mno, hata mshono hauonekani.

Mama alipokuja kuichukua aliitazama kwa muda mrefu, akaniambia kwa upole, "Mutoto wangu, hii kinywa haiko yake."

Bosi alikuwa karibu, na wateja walikuwa wanasikia. Niliona haya, na haya hiyo ikanitoa maneno ninayoyajutia hadi leo: "Mashine haiwezi kusahau, mama. Pengine ni weye ulisha kumusahau."

Hakubishana. Aliinamisha kichwa, akafuta kioo cha fremu kwa kitenge chake, akasema, "Kumbe nilisha kuanza kumusahau bwana yangu." Kisha akanishukuru. Jamani, alinishukuru mimi!

Nilidhani yameisha. Lakini juzi alirudi, ameniletea maharage na viazi vya moto, akaomba nimtolee nakala ndogo, kila mtoto apate yake. Nilimuuliza kama watoto wameipenda. Akasema wameipenda sana, yule wa mwisho anaisalimia kila asubuhi kabla ya kwenda shule. Halafu akaniambia, bila uchungu wowote, kwamba zamani alikuwa anawadanganya watoto bila kujua, anawaambia baba yao alicheka upande mmoja. Sasa amewasahihisha.

Yale maharage niliyafunika, sikuyala.

Kuondoa kilio ni Jumamosi hii. Ile skani ya kwanza bado ninayo, na faili yangu pia, mdomo ule naweza kuutoa sasa hivi nikakaa na mama aniongoze polepole. Lakini nikifanya hivyo lazima nikiri kwamba kumbukumbu yake ilikuwa sawa, mwongo ni mimi. Bosi atanifukuza, hilo nalivumilia. Ninachoogopa ni macho ya yule mama. Pia naogopa kwamba nimechelewa, kwamba akifumba macho kumtafuta mumewe sasa anaona mdomo wangu.

Rafiki yangu ananishauri ninyamaze, eti mama ameshatulia, nisitoneshe kidonda. Je, kutulia huko ni kutulia kweli, au nimemfanya afiwe na mumewe mara ya pili? Ninyi wenye wazazi na wenye wafu wenu, niambieni kabla ya Jumamosi: niende kwake nikaseme, au niache watoto wale waendelee kunisalimia mimi kila asubuhi wakidhani ni baba yao?