Majina Tuliyotwangia Uwele

Mwezi uliopita nilirudi Tabora, rafiki yangu, na safari hii sikwenda kwa harusi wala msiba. Nilikwenda kuomba kusomewa daftari la maskini. Misheni moja ya zamani nje ya mji bado inalitunza. Humo wameandikwa watu waliofika mlangoni enzi za misafara wakiomba chakula na mahali pa kulala. Kila mmoja aliulizwa kwanza: umetoka wapi, umepitia wapi, ndugu zako ni nani. Mjomba hakufurahi. "Unakwenda kufukua umaskini wetu ili iweje?" aliniuliza kwenye simu. Nikamwambia namtafuta mama yake bibi, na kama yumo katika daftari la maskini nitamfuata humo humo.

Bibi ndiye aliyenilea. Ukiingia uani kwake ulipokelewa na harufu ya michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa juani, ikichemka pamoja na karanga. Kazi yetu ya asubuhi ilikuwa kutwanga uwele, mimi na yeye tukipokezana kwenye kinu kimoja, na kila pigo la mchi lilikuwa na jina lake: Tabora, Usoke, Urambo, Uvinza, Ujiji, ng'ambo, Kabambare. Tukifika Kabambare tunapumua, tunapepeta, tunaanza upya. Usoke na Urambo nilipajua, treni inapita huko. Kabambare nilidhani ni neno la kupumzikia tu. Nikiruka jina hata moja, bibi alisimamisha mchi wake. "Umepotea njia," alisema. "Rudi Tabora."

Siku moja tuligombana na jirani kwenye bomba la maji kwa sababu ya zamu. Mama yule akanimalizia mbele ya watu wote: "Nyie watu wa kuokotwa, hamna hata kwenu." Wenzangu walicheka. Nilirudi na ndoo nusu, nalia, nikitaka bibi aende kumjibu, maana ulimi alikuwa nao. Bibi akanipa mchi. "Twanga," alisema, "na utaje kwa sauti, asikie mpaka kule kwake." Nilitwanga kwa hasira bila kuelewa kitu. Maneno ya yule jirani nimeishi nayo tangu siku ile, na ndiyo yaliyonipeleka misheni.

"Shikamoo, Sista."

"Marahaba, mwanangu. Tunamtafuta nani?"

Nilimtajia jina la mama yake bibi. Sista, mwanamke mzee mwenye miwani mizito, alifunua kurasa taratibu, akaanza kunitafsiria maandishi ya mapadre. Mwanamke kijana. Maskini. Miguu ina vidonda. Amepewa kaniki na kibaba cha mtama. Anasema amepitia Ujiji, Uvinza, Urambo, Usoke. Mkono wangu ulikuwa umeanza wenyewe kugonga meza, polepole, mapigo ya kinuni.

Sista akamalizia mstari wa mwisho: "Kwao hakujulikani."

"Kunajulikana, Sista," nilisema. "Nilikuwa nataja kwao kila asubuhi."

Nikamtajia njia yote, kuanzia Tabora hadi Kabambare, ng'ambo ya ziwa. Alivua miwani, akachukua penseli na karatasi, akaniomba nirudie.

Sijui kwa nini mama yake bibi hakuwaambia mapadre habari za Kabambare. Labda aliogopa, labda alichoka kuulizwa. Ninachojua ni kwamba jina la kwao alimpa binti yake, akampangia njia kwa kuigeuza, kama mtu anayetarajia kurudi. Na daftari lile sasa nalijivunia. Matajiri wa msafara walipita hapa na pembe zao za ndovu, na hakuna aliyewauliza habari za miguu yao. Yeye alifika na vidonda, akaulizwa, akajibu, na leo namsikia.

Nilimsimulia Mjomba yote hayo. Kisha akauliza Kabambare kunafikika vipi.

Kinu cha bibi kililiwa na mchwa zamani, na yule jirani naye hayupo tena wa kusikia. Uani pamejengwa duka. Siku hizi mashine inamaliza debe zima la uwele kabla hujafika hata Uvinza. Lakini mimi bado nikisimama kwenye foleni ya mashine nayataja majina yote kimoyomoyo, siruki hata moja, na nikifika Kabambare nimefika kwetu.