Mkono Ulioishona Bendera

Shangazi yangu hajawahi kunyamaza, na msitegemee aanze uzeeni. Ni fundi cherehani kwenye karakana tunayoshona bendera za taifa, nami ni mkata vitambaa wao. Mwenzake wa miaka yote ni mama mmoja wa ng'ambo ya mto, tunamwita Kicheko. Bendera kubwa haishonwi na mtu mmoja, kitambaa kinavuta. Kicheko huendesha cherehani, shangazi humnyooshea.

Baada ya uchaguzi maneno yakaanza. Watu wa ng'ambo hivi, watu wa ng'ambo vile, eti si wenzetu. Asubuhi moja msimamizi akaja akasimama mbele ya Kicheko.

"Mama, kusanya vitu vyako. Bendera ya taifa haishikwishikwi na kila mtu."

Kicheko, anayecheka hata akijichoma sindano, hakucheka. Akabeba mkoba wake akatoka. Na sisi? Tulinywea kama kuku walionyeshewa mvua. Aibu yetu!

Shangazi akasimama. "Baba, ile inayopepea pale nje kashona nani?"

"Hayakuhusu hayo. Shona!"

"Kashona Kicheko. Kama mkono wake unachafua, basi ile ni chafu. Naenda kuishusha."

Tulidhani anatania. Lo! Mtu mzima huyo, mpaka kwenye mlingoti, anafungua kamba. Nikamkimbilia, roho mkononi, msimamizi nyuma yangu, maana kuishusha bendera mchana kweupe si mchezo.

"Shangazi, utafungwa!"

"Liwalo na liwe! Waite hao polisi, msimamizi, uwaeleze wewe mwenyewe kwa nini nashusha."

Bendera ikateremka kidogo. Mafundi wakatoka mmoja mmoja, wakasimama nyuma yake. Nami nikaikamata kamba.

"Acheni hiyo kamba," msimamizi akasema, jasho linamtiririka.

"Ni safi au si safi?" shangazi akauliza.

"Ni safi."

"Na mkono ulioishona?"

Msimamizi akageuka kutazama getini. "Haya, basi. Mwiteni arudi."

"Tumwite sisi? Ala! Umemfukuza kwa mdomo wako, mwite kwa mdomo wako."

Kicheko alikuwa keshafika getini. Bwana mkubwa akavuka ua mzima, macho yetu yote mgongoni kwake.

"Mama," akanong'ona, "nakuomba urudi kazini."

Kicheko akamtazama juu mpaka chini.

"Sijasikia."

Akarudia kwa sauti, na karakana nzima ikasikia.