Taa za Mchana

Juzi, pale Jadida, gari lilipita mchana limewasha taa zote likimkimbiza mgonjwa, nikamkumbuka mama.

Alikuwa amepelekwa hospitali Wete kujifungua. Alasiri moja, karafuu zikinukia majamvini, gari likaingia kijijini kwetu polepole, taa zinawaka juani. Mimi gari la kuwasha taa mchana nilikuwa nimeliona harusini tu. Nikakimbilia barabarani nikipiga vigelegele.

Bibi akanishika, akaniziba mdomo kwa kiganja.

"Nyamaza, mwanangu. Anarudishwa mamako."

Sikujua kwamba taa zile zilikuwa zikiwaambia watu waipishe maiti. Nilichosikia ni kwamba mama anarudi. Nikaingia ndani mbio, nikamtandikia kitanda, nikamwekea na maji ya kunywa.