Usilipokee Begi Kwanza

Kwa mama yangu, kumpokea mgeni begi kabla ya kumtajia bei ilikuwa dhambi. Tulikuwa na nyumba ya wageni mtaa wa Hai Jalaba, vyumba sita tu, na miaka ile ya vita kila kitu kililipiwa: maji ya kuletwa na lori, jenereta, hata mlinzi wa geti. Wenzetu walitaja bei ya chumba peke yake, mengine mgeni akayakuta asubuhi. Mama alisimama mlangoni, mikono nyuma, akayataja yote mgeni akiwa bado amebeba mzigo wake.

Mimi niliona aibu. Tulipokuwa wakimbizi Uganda nilifundishwa kumpokea mgeni mzigo hata kabla ya salamu. Mama alisema ukishashika begi la mtu umemfunga miguu, ataona haya kulichukua na kuondoka. Nilimwona mkaidi tu, na wageni walizidi kutupita.

Siku moja mama akiwa sokoni, alikuja mwanamke mwenye mtoto mgongoni. Kesho yake angepanda basi la Nimule, mpakani, amfuate mumewe kambini Uganda. Nikalidaka begi, nikamtajia bei ya chumba tu. Moyoni nilijisifu.

Asubuhi nilipomwongezea gharama za maji na jenereta, hakugomba. Alifungua fundo la kitenge chake, akahesabu mara mbili.

"Hii ni pesa ya basi," alisema. "Mimi iko na hii tu."

Kisha akaanza kupekua begi, atafute nguo ya kutuachia badala ya pesa. Ilikuwa nguo ya mtoto. Nilitamani ardhi inimeze.

Mama alikuwa nyuma yangu, amesikia yote. Hakunifokea, na hilo liliniuma zaidi.

"Funga begi, dada yangu," alimwambia. "Bei ile uliambiwa jana, hiyo ndiyo bei. Khalas."

Nasikia siku hizi kuna nchi zenye sheria ya kuzilazimisha hoteli kutaja gharama zote mapema. Mama angecheka sana. Yeye sheria yake ilikuwa ile mikono aliyoiweka nyuma, na asubuhi ile aliinyoosha, akambebea mgeni begi mpaka stendi. Mimi nilifuata nyuma, machozi yananilenga, sithubutu kuomba nimsaidie.

Katikati ya njia alipunguza mwendo, akanipa mkanda mmoja, tukalibeba pamoja.