Jogoo Asiyeuzwa

Acha nikiri mwenyewe kabla hamjasikia kwa wengine. Mimi ni Mkenya, nina mwezi mmoja tu hapa Songea, na ukungu wa asubuhi hunitembeza kama niko ndotoni. Jumapili nikawaona akina mama kwenye mstari, na vikapu vya maharage, ndizi na maparachichi. Nikajua ni gulio, nikaanza kubonyezabonyeza maparachichi ya watu.

“Shikamoo mama. Huyo jogoo bei gani?”

“Marahaba. Huyu hauzwi, mwanangu.”

Mjanja mimi, nikajua anapandisha bei. Nikamfuata nikibembeleza, nyimbo tamu zikitufunika, mstari ukisogea taratibu, hadi ukungu ukabaki mlangoni nami nikajikuta mbele ya altare.

“Baba Padri,” mama akasema, “huyu kijana bado anataka kununua sadaka yangu.”